Siku Nilipowazamisha Wanyama wa Baharini

Andikeni kwa penseli. Nalitanguliza hilo kwa sababu binti wa jirani yangu hapa Kabeza, aliyeanza kazi ya maabara mwaka huu, alinionyesha juzi picha za chupa zake kwenye simu. Zote zimebandikwa karatasi kwa nje, na zimeandikwa kwa wino mzuri wa buluu. Nilimwambia, mwanangu, wino ni wa kadi za harusi. Dawa ikidondoka tone moja tu, wino unakimbia, gundi inaachia, na wewe unabaki na chupa yenye mdudu asiye na jina wala kwao. Chukua penseli nyeusi na karatasi ngumu, na karatasi yenyewe iingie ndani ya chupa pamoja na mnyama. Penseli haiogopi maji, haiogopi dawa ya formalini. Mimi ndiye niliyekuwa naogopa maji, na hiyo ndiyo habari ninayotaka kuwapa nyinyi vijana mnaoingia katika kazi hii.

Nimekuwa fundi wa maabara katika chuo kimoja hapa Kigali kwa miaka thelathini na kitu. Kazi yangu ilikuwa kuosha vioo, kuchanganya dawa, kuhifadhi wanyama ndani ya chupa na kumwambia profesa kwamba miwani anayoitafuta ameivaa. Miaka tisa ya mwanzo nilikuwa mtu wa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Kila mkataba ulipokwisha nilikaa nje ya ofisi, kofia mkononi, nikingoja kuambiwa kama bado mimi ni fundi au nimekuwa mpita njia. Mke wangu alifikia kuhesabu umri wa watoto kwa mikataba. Huyu wa pili, alikuwa akisema, alizaliwa mkataba wa kumi na mbili.

Sasa, zamani zile mtu wa Kigali aliyevaa kofia na kuitwa Ramadhani aliitwa Mswahili, na Mswahili kwa watu wa ofisini alikuwa mtu wa pwani, hata kama amezaliwa Biryogo, hapahapa mjini, kama mimi. Aliyetoka pwani ni babu yangu, Athumani, katika kisiwa kidogo kinachoitwa Mwambakuni. Alifika huku kijana na msafara wa wafanyabiashara, akashona kanzu mpaka alipofariki. Hayo ni kweli tupu. Mengine niliyaongeza mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilisema Babu alikuwa mvuvi. Mwaka wa tatu akawa na chombo chake. Ulipofika mwaka wa sita alikuwa nahodha mkubwa, na mimi nilikuwa nimekwenda kwao kila likizo ya utotoni nikajifunza kupiga mbizi.

Msinione mwongo wa kuzaliwa. Ilikuwa hivi: saa ya chai wenzangu walikuwa wakizungumza habari za ng'ombe wa baba zao, majina yao, pembe zao, maziwa yao. Mimi kwetu hatukuwa na ng'ombe hata mmoja. Kwa hiyo nikawa na bahari.

Babu mwenyewe hakuwahi kusema ni nahodha. Nilimwona akivuka daraja la mto Nyabarongo mara mbili maishani mwake, na mara zote mbili alinishika mkono, macho ameyafumba, anasoma dua kwa sauti mpaka ng'ambo. Hata beseni la kufulia alilipitia mbali. Sisi watoto tulidhani ni uchamungu.

Mkuu wangu alikuwa Profesa Anastazi. Alikuwa mtu mwembamba, msomi wa Ulaya, asiyevua koti lake la sufu jua wala mvua. Alifundisha wanyama wa baharini kwa chaki. Alichora nyota ya bahari ubaoni kwa uzuri hata msafishaji alikuwa akiona vibaya kuifuta. Kiangazi cha mwaka wa tisini na mbili alipata ruhusa na nauli ya kuwapeleka wanafunzi kumi na mmoja kwenye bahari yenyewe, siku sita. Akaniita ofisini.

"Ramadhani, ile kisiwa ya babu yako inaitwa namna gani?"

"Mwambakuni, Profesa."

"Iko na wanyama mingi?"

"Wengi mno," nilisema, kama mtu aliyewaacha jana.

"Bon. Tunaenda kule. Wewe utapanga boti, nyumba, mpishi, yote. Si iko watu yako? Na mambo ikienda muzuri, tukirudi mimi naandika barua ya kazi yako. Kazi ya kudumu. Umesikia?"

Nilisikia vizuri sana. Nilitoka nikaketi kwenye ngazi, furaha upande huu na hofu upande ule. Kwa miaka tisa nilikuwa nimejenga nyumba ya maneno, chumba baada ya chumba, na sasa Profesa alikuwa anakuja na wageni kumi na mmoja kulala humo. Sikuwa na anwani ya mtu hata mmoja kule kisiwani. Sikujua hata kama kisiwa kina watu.

Tukaondoka. Vita vilikuwa kaskazini na barabarani kulikuwa na vizuizi, kila baada ya mwendo kidogo mnashuka, mnaonyesha karatasi. Kwenye kizuizi kimoja askari akataka kujua kilichomo ndani ya jerikeni yangu. Nikamwambia ni dawa ya kuhifadhia wanyama waliokufa. Akanitazama kama mtu anayefichwa pombe. Akafungua mwenyewe, akainama, akavuta pumzi kwa pua zote mbili. Formalini ile ilikuwa bado haijachanganywa na maji. Alilia, jamani, alilia mpaka Profesa akampa leso, na hakutazama tena karatasi ya mtu yeyote. Jerikeni ya formalini hufunguliwa mkono umenyooshwa, uso pembeni, upepo ukitoka mgongoni kwako. Andikeni na hilo.

Tulipovuka mpaka na kupanda gari la moshi, niliwafundisha wanafunzi adabu za pwani. Niliwaambia ukimwona mkubwa sema shikamoo, na mkubwa atajibu marahaba. Wakarudia kama wanakariri katekisimu, maana wengi wao walikuwa Wakatoliki na kukariri wanakujua. Mmoja tu hakuhitaji kufundishwa, msichana anayeitwa Imakulata, aliyekulia Gisenyi, mpakani na Goma. Kiswahili chake, cha kule Goma, kilikuwa kizuri na kuogelea alijifunza katika ziwa Kivu. Nilimwogopa tangu siku ya kwanza.

Tulipofika mji wa pwani nilisimama kando ya maji nikatamka "Mwambakuni" kwa sauti, na namshukuru Mungu mtu mwenye boti ya injini akajibu. Tukapanda. Nilitapika kabla injini haijawashwa.

"Wewe iko mgonjwa?" Profesa akauliza.

"Hapana, Profesa. Ni heshima. Sisi watu wa pwani kwanza tunairudishia bahari kitu kidogo."

Profesa akatoa daftari akaandika.

Niliirudishia bahari vitu vingi siku ile. Mwishowe boti ikasimama. Nikainua kichwa, nikaona kisiwa kiko mbali, minazi yake midogo, na kati yetu na kisiwa hakuna maji, kuna mchanga mtupu na mawe na madimbwi. Mwenye boti akatuambia tushuke tutembee, maji yamekupwa na yeye hapiti hapo.

"Mzee," mwanafunzi mmoja akaniuliza, "hii maji yote imeenda wapi?"

"Itarudi," nilisema. Nilibahatisha tu. Ziwa Muhazi halijawahi kwenda mahali.

Basi tukatembea juu ya bahari, masanduku ya chupa vichwani, Profesa mbele na koti lake la sufu, viatu mkononi. Pale kati palikuwa na wanawake wameinama wakitafuta pweza kwenye mawe. Mmoja akanyanyuka, mama wa makamo ya kuelekea uzee, ndoo mkono mmoja na fimbo ya chuma mkono wa pili. Wanafunzi wakajipanga wenyewe. Wa kwanza akainamisha kichwa akasema, "Shikamoo marahaba." Wa pili akasema, "Shikamoo marahaba." Walikuwa wamekariri salamu na jibu lake pamoja. Yule mama aliwangojea mpaka kumi wakaisha, akasema, "Haya."

Kisha akaniuliza mimi, "Nyie wa wapi?"

"Kigali, Rwanda."

"Bara yote hiyo? Na hapa mmekuja kwa nani?"

Nikakohoa. Nikapaza sauti ili Profesa asikie. "Mimi ni mjukuu wa Athumani bin Salumu, wa kisiwa hiki."

Mama akaweka ndoo chini. "Athumani yupi? Huyo aliyekwenda bara asirudi?"

"Huyo huyo."

"Na wewe mjukuu wake umekuja kwa miguu."

"Kwa miguu," nikakubali, kwa kuwa alikuwa ananiona.

Akaketi palepale kwenye mchanga wenye maji akaanza kucheka. Alicheka mpaka mtandio ukamtoka. Alipopata pumzi aliwaita wenzake, "Jamani njooni! Bahari imekauka, Athumani karudi!" Wakaja, wakaniangalia miguu, wakaangukiana kwa kicheko, mtoto mmoja akatumwa mbio kijijini, na baada ya muda tukasikia kicheko kingine kikitoka huko kwenye minazi.

"Wanasema nini?" Profesa akaniuliza. Kiswahili cha pwani kilikuwa kinampita kasi.

"Wanasema mjukuu wa nahodha amerudi."

"Mbona wanacheka hivi?"

"Ni furaha, Profesa. Na utani. Watu wa huku wana utani sana."

Profesa akaandika. Imakulata akanitazama usoni, halafu akatazama vidole vya miguu yake mpaka tulipofika ufukweni.

Yule mama aliitwa Mwanaidi, na kumbe baba yake alikuwa mdogo wake Athumani, kwa hiyo kwangu alikuwa shangazi. Jioni, akipuliza moto wa chai, alinipa kisa kizima. Athumani alikuwa kijana pekee wa kisiwa asiyeweza kukaa ndani ya chombo. Alitapika akiwa bado amesimama nchi kavu, akitazama tu. Siku moja walimlazimisha kuvuka kwenda bara kupeleka nazi. Alivuka amelala chali, nguo kichwani. Alipofika aliweka nazi chini, akawatumia salamu kwamba atarudi bahari ikikauka, akaanza kutembea. Hakusimama mpaka alipopata nchi isiyo na bahari upande wowote.

"Mtoto wa hapa akiogopa maji," Shangazi akasema, "tunamwambia, haya, mfuate Athumani." Akanitazama nilivyokuwa nimeshika tumbo. "Na wewe umetoka kwake mzima mzima."

Nilicheka, vijana wangu, kisha nikaacha. Nilimpenda sana Babu, na sikujua kama alibeba aibu hiyo peke yake miaka yote, darajani na kwenye beseni.

Walitupokea kama watu waliorudishiwa kitu kilichopotea. Tulipewa nyumba mbili, tukapewa baraza ya kupangia chupa, na Shangazi mwenyewe akajitolea kupika. Ndugu niliowazua kumbe walikuwepo. Hapo ndipo ningeshukuru nikanyamaza. Lakini Profesa alikuwa bado anasubiri mtu wa bahari, na barua yangu ilikuwa bado haijaandikwa.

Kesho yake maji yalikupwa tena, tukaokota. Hiyo ilikuwa wiki ya bamvua, siku chache ambazo bahari huondoka mbali kabisa, na Shangazi alituonya kwamba kuanzia siku ya tano hatutaona kitu. Wanafunzi walirudi na kaa, kome, nyota za bahari ambazo kule huitwa viti vya pweza, na majongoo ya baharini makubwa kama mihogo. Mtihani wao wote ulikuwa ndani ya ndoo zile. Profesa akaenda na wengine kutazama mikoko, akaniachia wanyama hai na Imakulata wa kunisaidia.

Hapa Kigali, samaki hai wakiletwa maabara kutoka ziwani, kitu cha kwanza ni kuwapa maji safi. Ndoo zile zilikuwa na mchanga na takataka, na nyota wa watu walionekana wamechoka. Nikaona mitungi ya Shangazi kivulini, imejaa maji ya kisima, baridi, matamu. Nikasema hawa nao ni viumbe.

"Mzee," Imakulata akasema polepole, "hawa si ni ba maji ya chumvi?"

"Mwanangu, mimi haya mambo nimezaliwa nayo. Chumvi ndiyo inawachosha. Yamimine kwenye mabeseni, tuwahamishie humo wapumzike."

"Yego, Mzee," akakubali, akamimina.

Nilijisikia vizuri sana. Nikalala kidogo.

Saa tisa Shangazi alikuja kuchota maji ya kupikia. Alikuta mitungi mitupu. Akaja barazani, akainamia mabeseni, akamgusa kaa mmoja kwa kidole. Kaa hakujali. Nyota zilikuwa zimelegea kama chapati iliyolala. Majongoo yalikuwa yametoa matumbo nje, na maji yote yamekuwa mazito.

"Haya ndiyo maji yangu?"

"Ndiyo, Shangazi. Yalikuwa safi."

"Nimezaliwa hapa," akasema, "nimezeeka hapa. Nimeona bahari ikizamisha watu. Sijapata kumwona mtu akizamisha vitu vya baharini."

Profesa akatokea wakati huohuo, wanafunzi nyuma yake. Hakuhitaji kuelezwa. Alitia kidole ndani ya beseni, akakilamba, uso ukamwanguka. Ndoo ilikuwa mkononi mwa Imakulata.

"Nani alitia hii maji?"

"Ni mimi, Professeur," Imakulata akasema.

Na ni kweli, yeye ndiye aliyemimina. Nilimtazama nikingoja aongeze jina langu, naye hakuongeza. Kwetu mtoto wa watu hamsahihishi mzee mbele za watu, na wala hamtaji. Baadaye aliniambia kwamba alijua wanyama watakufa tangu ndoo ya kwanza, na kwamba kusema kulimshinda.

Kwa hiyo kazi yangu ya kudumu ilikuwa pale, salama, na bei yake ilikuwa kunyamaza tu. Sitawadanganya: nilinyamaza. Nilivuta pumzi ya kwanza nikaona barua. Nikavuta ya pili nikamwona mke wangu akihesabu mikataba. Ya tatu nikamwona huyu msichana, kichwa chini, anangoja kufukuzwa kwenye masomo kwa sababu ya ng'ombe ambao baba yangu hakuwa nao.

"Profesa," nilisema, "mtoto hana kosa. Alinionya. Mimi ndiye niliyemwamuru. Mimi bahari siijui. Nimeiona jana, siku uliyoiona wewe. Babu yangu hakuwa nahodha, aliikimbia kwa miguu, na ndiyo maana walinicheka. Kupiga mbizi sijui. Hata kuelea sijui."

Profesa alilitazama beseni, kisha akanitazama mimi.

"Na ile kutapika kwa heshima?"

"Ilikuwa kutapika tu, Profesa."

Akatoa daftari mfukoni, akatafuta ukurasa, akakata mstari. Kisha, koti lake na yote, akaketi chini kwenye sakafu ya baraza.

"Mimi nafundisha bahari miaka minane," akasema. "Jana ndiyo niliiona. Niliona haya kusema, sababu wewe ulikuwa hapo, na wewe iko mtu ya bahari." Akawatazama wanafunzi, akanitazama mimi. "Sasa hapa nani anajua?"

Wote tukageuza vichwa kwa Shangazi Mwanaidi.

"Kwanza," akasema Shangazi, "mnirudishie maji yangu."

Kisima kilikuwa mwisho wa kisiwa. Jioni ile watu wa Mwambakuni walitoka kwenye milango yao kumtazama profesa wa chuo kikuu akipita na ndoo kichwani, wanafunzi kumi na mmoja nyuma yake, na mjukuu wa Athumani mwisho kabisa na mitungi miwili. Walitupa pole kwa adabu, kisha tukawasikia wakicheka ndani.

Siku zilizobaki za bamvua, mwalimu alikuwa Shangazi. Alituonyesha kwamba pweza hujulikana kwa kome tupu alizolundika mlangoni mwake, kwamba jiwe ukiligeuza ulirudishe lilivyokuwa maana wenye nyumba wapo, na kwamba jongoo halishikwi kwa nguvu. Mwanafunzi mmoja alilishika kwa nguvu, likamtapikia utumbo mkononi, akalitupa juu, likamwangukia Profesa. Hapo mimi nikapata la kusema, maana hilo lilikuwa la kazi yangu. Niliwalaza wanyama kwanza kwenye maji ya bahari yenye chumvi ya kuharisha, ile ya duka la dawa, kidogokidogo, mpaka wasinzie. Mnyama aliyesinzia hajikunji wala hatoi matumbo. Baada ya hapo ndipo formalini, kipimo kimoja kwa vipimo tisa vya maji, na maji hayo yawe ya bahari. Kisha karatasi ndani, kwa penseli, kila mwanafunzi kwa mkono wake: jina, mahali, siku, na aliyekusanya. Shangazi alipoambiwa kwamba jina lake nalo limo ndani ya chupa, alitaka tumwonyeshe, akaishika chupa juani muda mrefu.

Siku ya nne alinishika mkono. "Athumani, twende."

Nikamwambia sitaki. Akasema hakuniuliza. Maji yalikuwa yanarudi, vuguvugu, yananizunguka vifundo. Yalifika magotini, nikasimama. Akanivuta. Yalipofika kiunoni nilifumba macho nikaanza kusoma dua kwa sauti, na katikati ya ile dua nikaisikia sauti yangu, nikajua niko darajani Nyabarongo. Nililia na kucheka kwa pamoja, na Shangazi hakuuliza ni kwa nini, alinishikilia tu mpaka nikamaliza aya.

Tuliondoka maji yamejaa, boti imesogea mpaka mchangani. Shangazi aliniomba chupa tupu. Akaingia mwenyewe majini, akaijaza, akaifunga. "Mmwagie babu yako pale alipolala," akasema. "Mwambie haijakauka, lakini tumemcheka vya kutosha, arudi tu."

Barua yangu Profesa aliiandika wiki ileile tuliyofika Kigali. Niliisoma kwa sababu ilipita mezani kwangu. Hakutaja bahari hata mahali pamoja. Aliandika kwamba fundi huyu akisema kitu kimo ndani ya chupa, kimo. Mke wangu aliposikia ni kazi ya kudumu aliniuliza atakuwa anahesabuje umri wa watoto sasa.

Miaka miwili haikutimia, yakaja yale ya tisini na nne mnayoyajua, na sitayaingiza katika hadithi ya kuchekesha isipokuwa hili moja. Niliporudi maabara baadaye, makabati yalikuwa yamevunjwa na karatasi za nje zote zilikuwa zimeoza au kuchanika. Chupa nyingi za Mwambakuni zilikuwa nzima. Ndani, kwa penseli, ulikuwepo mwandiko wa kila mtoto. Profesa hakuwepo tena, na wale watoto hawakuwepo wengi wao. Niliketi sakafuni nikasoma chupa moja moja kwa sauti, majina ya wanyama na ya waliokusanya, nikalia mpaka giza. Imakulata yupo, anaishi Batsinda, ana wajukuu, na mpaka leo akinipigia simu ananiita Mtu wa Bahari. Kwa hiyo nikiwaambia penseli, msidhani ni ukaidi wa mzee.

Na ile chupa ya maji. Nilikwenda nayo kaburini kwa Babu, kama nilivyoagizwa. Nilimpa salamu zote, nilimwambia wamemcheka vya kutosha, nilimwambia arudi. Kisha nikafungua kizibo, nikainamisha chupa, nikaona macho yake yalivyokuwa yamefumbwa pale darajani, na mkono wake ulivyokuwa ukinibana vidole. Mtu ametembea nchi nzima kuyakimbia maji haya, na mimi nimempandishia mpaka mlangoni. Nikafunga kizibo.

Chupa iko kabatini kwangu hapa Kabeza, nyuma ya vikombe vya wageni. Ndani yake nimetia karatasi, kwa penseli: Maji ya bahari. Mwambakuni. Amekusanya Mwanaidi. Babu asimwagiwe.